Mtu ameumia akiwa amekunywa: zile dakika chache za kuongea naye kasualti zinafanya kazi gani hasa

Kasualti yoyote kubwa huku kwetu usiku wa Jumamosi, iwe Jaramogi hapa Kisumu ambayo wengi bado tunaita Russia, iwe ile ya Nakuru ambayo watu wanaijua kama PGH, iwe Kakamega, wagonjwa wanafanana. Mwenye boda ameanguka bila helmeti, kijana amekatwa na chupa kwa baa, mzee ameingia kwa mtaro akirudi nyumbani, mama amepigwa na bwana aliyefika saa saba usiku akinuka pombe. Anashonwa, anapigwa eksirei, anadungwa sindano ya pepopunda, anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa aende nyumbani. Pombe yenyewe haiguswi kabisa. Ama inaguswa kwa kelele, anaambiwa mbele ya watu wote "si ni hii pombe yenu" alafu anaachwa hivo.

Kati ya kunyamaza na kugombeza kuna kitu cha tatu, na hicho ndio nataka kueleza hapa, juu watu wengi hawajakisikia na wale wamekisikia wengi wamekielewa vibaya. Ni mazungumzo mafupi ya ushauri, dakika tano mpaka nusu saa hivi, yanafanywa hapo hapo kasualti ama wodini na sista, daktari ama kaunsela, na mtu ambaye jeraha lake limehusiana na pombe. Hakuna dawa na hakuna mashine, ni kuongea tu, lakini ni kuongea kwa namna fulani.

Kosa la kwanza ni kufikiria hii kitu ni ya walevi, yaani wale tumezoea kuwaona asubuhi wakitetemeka. Hapana. Wengi wanaoumia wakiwa wamekunywa ni watu wa kawaida tu, wanaenda kazi, wanalipa karo, wanakunywa wikendi ama siku ya malipo, lakini hio siku moja wanakunywa nyingi. Mwili haujali kama wewe hunywa kila siku ama mara mbili kwa mwezi. Chupa chache zikiingia macho yanachelewa kuona kona, mkono unachelewa kushika breki, na kile kitu kichwani ambacho hukuambia "wacha, hio gari iko karibu sana" kinanyamaza. Na mdomo unakuwa mwepesi, ndio maana vita. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 2.6 walikufa duniani kwa sababu ya pombe, na kati yao karibu 724,000 walikufa kwa majeraha, yaani ajali, vita, kujiua na kadhalika. Si wote hao walikuwa waraibu. Na juu wanywaji wa kawaida ni wengi kuliko waraibu, hata kama hatari ya kila mmoja ni ndogo, ukijumlisha wao ndio wanajaza hivo vitanda. Kwa hio ukingoja mpaka mtu awe mlevi kamili ndio uongee naye, hao wengi wote watakuwa wamekupita.

Kabla ya kuongea chochote lakini, kuna mambo ya uhai, na hapa siwezi pita haraka. Mtu akiletwa ananuka pombe na anaongea vitu havieleweki, rahisi sana kusema "huyu amelewa, wacheni alale." Watu hufa hivo. Kichwa kilichogongwa na damu inavuja ndani kinafanya mtu aongee kama mlevi, sukari ikishuka sana anafanya hivo hivo, na anaweza kuwa na vyote vitatu kwa wakati mmoja. Kwa hio harufu ya pombe haitoshi kuwa jibu mpaka kichwa kiangaliwe, sukari ipimwe, na mtu awe anaamshwa na kupimwa tena na tena. Kama unalewa na rafiki yako akaanguka akagonga kichwa, usimlaze tu kwa kochi ukisema itatoka asubuhi. Na kuna upande mwingine. Yule anayekunywa kila siku akilazwa na mguu umevunjika, pombe inakatika ghafla bila mtu kupanga. Kuanzia masaa kama sita mpaka siku mbili anaweza kupata kifafa, na kama siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuanza kuona vitu havipo, joto linapanda, jasho, anang'oa dripu, na wodi inasema amerogwa ama amepagawa. Hio inaua lakini inatibika, kwa dawa kama daizepamu na vitamini B1, bora tu mtu alimuuliza mapema anakunywa kiasi gani. Unaona sasa, swali la pombe si la adabu tu, ni la kuokoa maisha.

Na mazungumzo yenyewe hayafanywi mtu akiwa bado amelewa chakari. Anangojewa, wakati mwingine ni asubuhi, akiwa ameamka, amepata chai, maumivu yameshikwa, anajiangalia mguu. Hapo ndipo moyo uko wazi. Mtu hushtuka mwenyewe. Siku nyingine zote ukimwambia habari ya pombe atakuambia babake alikunywa akafika miaka tisini, lakini asubuhi hio na mkono uko kwa plasta hana maneno mengi, na hio nafasi haikai, ikipita wiki mbili tatu ameshazoea tena.

Kuuliza kuna utaratibu wake. Maswali yanayotumika sana yanaitwa AUDIT, ni kumi, yalitengenezwa na Shirika la Afya Duniani miaka ya themanini, na kitu wakenya wengi hawajui ni kwamba nchi yetu ilikuwa moja ya zile sita ambazo watu wao walitumika kuyatengeneza, pamoja na Australia, Bulgaria, Mexico, Norway na Marekani. Kwa hio asikuambie mtu hio ni karatasi ya wazungu. Yanauliza unakunywa mara ngapi, siku ukikunywa unakunywa ngapi, mara ngapi umeshindwa kuacha ukishaanza, umewahi kuhitaji ya asubuhi kutoa loki, yaani uchovu wa pombe ya jana, umewahi kusahau yaliyotokea usiku, kuna mtu ameumia juu ya kunywa kwako, kuna ndugu ama daktari amekuambia upunguze. Alama zinaenda mpaka 40. Chini ya 8 hatari ni ndogo, kuanzia 8 mpaka 15 inatosha kupewa ushauri mfupi, 16 mpaka 19 anahitaji ushauri wa ndani kidogo na kufuatiliwa, 20 kwenda juu huyo apelekwe kwa wataalamu wa uraibu. Usiku ukiwa na watu wengi kuna toleo la maswali matatu ya kwanza tu.

Shida inakuja kwa kuhesabu. Karatasi inaongea habari ya kinywaji kimoja cha kawaida, ambacho ni gramu 10 za alkoholi safi. Sasa chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia tano peke yake iko karibu na vinywaji viwili. Kota ya spiriti ya asilimia 40, ile ya mililita 250, iko karibu na vinane, na mzinga mzima wa 750 unapita ishirini na tatu. Kwa hio mtu akikuambia "nilikunywa tatu tu" lazima umuulize tatu za nini. Na chang'aa haina kipimo chochote, leo kali, kesho imeongezwa maji, siku nyingine imewekwa kitu cha kupofusha watu. Busaa nayo inakunywewa kwa mkebe ama kwa mrija mkiwa wengi, nani atahesabu. Kwa maoni yangu hapo ni bora kuuliza vile watu huongea: mlianza saa ngapi, mlikuwa wangapi, ulitumia pesa ngapi, na unakumbuka vile ulifika nyumbani? Majibu ya hayo yanakuambia mengi kuliko gramu.

Baada ya hapo ndio kiini, na kiini ni kwamba yule mgonjwa ndiye anafaa kuongea zaidi. Namna hii ya kuongea ilianza kuandikwa mwaka 1983 na mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa William Miller, baadaye akashirikiana na Stephen Rollnick, aliyefanya kazi Uingereza. Waliona kitu ambacho mama yeyote mwenye kijana mkubwa anakijua: ukimsukuma mtu kuelekea upande mmoja anasukuma kurudi upande mwingine. Ukimwambia pombe ni mbaya, mdomo wake utatafuta sababu kwa nini si mbaya, na akishazisema kwa sauti yake mwenyewe anaziamini zaidi. Geuza basi. Muulize kwa njia ambayo yeye ndiye atataja sababu za kubadilika.

Chukua mfano wa sista na mwendesha boda wa Kondele, mazungumzo nimeyatunga lakini yanaenda hivi:

"Ndugu yangu, mguu sasa umeshikwa vizuri. Unaweza kukubali tuongee kidogo kuhusu ile pombe ya jana? Ukikataa pia ni sawa, matibabu yako hayabadiliki."

"Sawa sista, lakini mimi si mlevi."

"Sijasema hivo. Nataka tu kukuelewa. Kwanza niambie, unaipendea nini?"

"Inatoa stresi. Tukitoka steji usiku tunakaa na maboi, hapo ndio unasikia kazi iko wapi, nani ameshikwa na polisi."

"Na upande ule mwingine?"

"Pesa inaisha. Na sasa hii mguu. Pikipiki si yangu, mwenyewe anataka pesa yake kila jioni."

"Kwa hio inakutuliza na inakuweka karibu na wenzako, lakini sasa umelala hapa na mwenye pikipiki bado anangoja."

"Ndio hivo, sista."

"Nikikuuliza kutoka sifuri mpaka kumi, uko tayari kiasi gani kubadilisha kitu?"

"Labda nne."

"Nne. Kwa nini nne na si moja?"

"Juu niko na watoto wawili, na sitaki wakue wakiambiwa baba yao alikufa kwa barabara."

Angalia hilo swali la mwisho. Mtu wa kugombeza angeuliza kwa nini si tisa, na jamaa angeanza kutoa visingizio. Ukiuliza kwa nini si moja, anatoa sababu zake, na kile sista amebaki kufanya ni kuzirudia polepole ili azisikie. Ushauri upo pia, ukweli unasemwa, kwamba kiwango hicho ndicho kinaleta watu hospitali na alama zake ni hizi, lakini unasemwa baada ya kuomba ruhusa na bila kidole usoni. Kisha anaonyeshwa njia kadhaa achague mwenyewe. Kutokunywa kabisa siku za kazi, ama pikipiki kulala steji siku ya kunywa na yeye abebwe na mwenzake ambaye hajaonja, ama kula kwanza ugali ndio aende, ama kubeba pesa ya chupa mbili na simu ya pesa iachwe kwa mke. Akisema ataacha kabisa ni vizuri sana. Akisema atapunguza, hio pia inakubaliwa, na najua kuna wachungaji na wazazi wataniambia huko ni kuruhusu dhambi, lakini mtu aliyepunguza na hapandi tena pikipiki akiwa amelewa ako hai, na aliyelazimishwa kuapa akiwa kitandani mara nyingi kiapo kinaisha kabla ya plasta kutolewa.

Je, inafanya kazi? Hapa kuna watu hutia chumvi, na upande mwingine kuna watu hukataa kabisa, kwa hio twende na ushahidi wenyewe. Utafiti uliofanya madaktari wa upasuaji waamke ulifanyiwa hospitali ya Harborview, Seattle, ukatolewa mwaka 1999 na Larry Gentilello na wenzake. Waliojeruhiwa waligawanywa kwa kura, wengine wakapata mazungumzo ya kama nusu saa, wengine matibabu ya kawaida. Mwaka mmoja baadaye waliozungumziwa walikuwa wamepunguza karibu vinywaji 22 kwa wiki, wale wengine karibu 7, na kurudi hospitali na jeraha jipya kulipungua kwa karibu nusu. Ni kutokana na kazi kama hio chama cha madaktari wa upasuaji Marekani kikaweka sharti miaka michache baadaye kwamba vituo vikubwa vya majeraha lazima viwe na njia ya kuwatambua wanywaji wa hatari. Mwaka huo huo wa 1999 Peter Monti na wenzake walionyesha kitu cha ajabu kwa vijana wa miaka 18 na 19, kwamba kiasi cha pombe kilipungua karibu sawa kwa makundi yote mawili, lakini waliozungumziwa waliendesha gari wamelewa mara chache zaidi na kuumia kidogo zaidi. Yaani wengine hawapunguzi sana chupa, wanabadilisha kile wanafanya wakiwa na chupa.

Lakini kuna tafiti zingine hazikuona tofauti. Lausanne huko Uswisi hawakuiona. Uingereza walilinganisha kasualti ambazo watu wanapewa karatasi ya maelezo tu na zile wanapewa dakika tano za ushauri ama dakika ishirini, na mwisho wake hakukuwa na tofauti ya maana. Ukisoma vizuri, mara nyingi si kwamba waliozungumziwa hawakupunguza, ni kwamba wale wengine nao walipunguza, juu ajali yenyewe imewashtua na kuulizwa maswali kumi kuhusu pombe tayari ni kama ushauri. Mwaka 2018 mapitio makubwa ya Cochrane, shirika la kukusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti 69 za kliniki za kawaida na kasualti na kupata kwamba kwa wastani mtu anapunguza kama gramu 20 kwa wiki, yaani kama bia moja. Ni kidogo, lakini ni wastani, kuna waliopunguza sana na kuna ambao hawakupunguza hata tone, na kwa kitu ambacho hakihitaji dawa yoyote mimi nasema tufanye. Kile sitasema ni kwamba kinatibu uraibu, juu hakitibu. Mtu wa alama 25 ukimpa dakika kumi na kumwachilia umemtupa.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki kazi inafanyika. Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, wametengeneza mpango unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, kwa Kiswahili, unafanywa na manesi kwa waliojeruhiwa, na baadaye mgonjwa anatumiwa meseji za kumkumbusha. Na hapa kwetu Eldoret, ingawa si kasualti, watafiti waliwafundisha watu wasio na shahada ya saikolojia kuongoza vikundi vya wagonjwa wa HIV wanaokunywa, vikao sita, na utafiti wa watu 614 uliotolewa 2021 ulionyesha walipunguza kunywa kuliko wenzao waliofundishwa mambo ya afya kwa jumla. Kwa hio ile sababu ya "hatuna wanasaikolojia" inapungua nguvu.

Vizuizi vya kweli ni vingine. Cha kwanza ni hofu. Mtu amepigwa, anataka kujaziwa P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, anaogopa ukiandika alikuwa amekunywa kesi itageuzwa imle yeye. Mwingine anaogopa polisi wa trafiki, mwingine bima. Akiona kalamu inasonga anasema hakunywa. Lazima aambiwe mapema kwa nini anaulizwa na nani atasoma, na asidanganywe. Pili ni faragha, vitanda vimebanana, shemeji amesimama hapo, mama mkwe ameketi na chupa ya uji, utaulizaje mwanamke kama anakunywa? Wanawake ndio hufichwa zaidi na hii, hakuna anayewauliza, na wakiulizwa wanauliziwa mbele ya watu ambao hawawezi kusema ukweli mbele yao. Kuvuta pazia na kuwaomba ndugu watoke dakika kumi ni kitu kidogo sana, na naomba kila sista anayesoma hapa akifanye. Tatu, aliyepigwa na mlevi si mlevi, yule mama wa usiku wa manane anahitaji ulinzi na ushauri tofauti, asipewe mahubiri ya pombe ambayo hakuinywa.

Sheria tumejaribu. Ile ya 2010 iliyoletwa na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha kaunti ya Nakuru, ilibana masaa ya baa na ikaruhusu chang'aa itengenezwe kwa viwango, na bado chang'aa ya mtaa wa Obunga hapa Kisumu inapikwa vile imekuwa ikipikwa. Sheria inafunga mlango wa baa, haiongei na mtu. Kwa wale alama ziko juu, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wako na laini ya bure, 1192, na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, inatibu uraibu. Familia inaweza kupiga hio namba pia, si lazima mgonjwa.

Kuna utafiti mmoja nimeuacha mwisho juu ndio unatufaa zaidi. Providence, Marekani, mwaka 2001, Richard Longabaugh na wenzake waligawa waliojeruhiwa makundi matatu: matibabu tu, mazungumzo ya mara moja, na mazungumzo ya mara moja pamoja na kikao kingine siku saba mpaka kumi baadaye. Waliofanya vizuri kuliko matibabu tu, kwa kupunguza majeraha na shida za pombe mwaka mzima, ni wale wa vikao viwili. Sasa fikiria, mtu wetu aliyeshonwa kichwa anarudi kutolewa nyuzi karibu siku hizo hizo, na sahii analetwa kwa chumba cha kufunga vidonda, nyuzi zinakatwa, anaambiwa haya nenda. Hapo hatuhitaji bajeti mpya. Kwenye kadi yake ya kurudi, chini ya "kutoa nyuzi", iandikwe pia "kuongea", na yule anayeshika mkasi amuulize ile mipango ya pikipiki kulala steji imeenda aje.